Goti Limesagika: Mazoezi, Sindano, Kamera au Goti Bandia?

Ukiumwa na goti Nakuru au Kisumu, ushauri haukosi. Ndani ya matatu kuna anayeuza poda ya viungo, redioni kuna tangazo la mitishamba, jirani ana namba ya daktari aliyemchoma sindano akaondoka akitembea, na mtoto aliye Nairobi ameshauliza bei ya kubadilisha goti. Wote wanakuambia "inasaidia". Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: inasaidia kuliko nini? Kuliko kukaa tu nyumbani? Kuliko sindano ya maji ya chumvi? Kuliko miezi mitatu ya mazoezi?

Niseme mapema kwamba kazi yangu ni fiziotherapia, hapa Nakuru, kwa hiyo ukinisikia nikisifia mazoezi una haki ya kukunja uso. Ndiyo maana nitalinganisha kwa majaribio yenye mwaka na idadi ya watu, likiwemo moja ambalo halinifurahishi hata kidogo.

Watu wa Siaya na Kombewa hawana haja ya kufundishwa jaribio la kitabibu ni nini. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa kwao kuanzia 2009, si kila mtoto aliipata. Kura iliamua, na wengine wakapewa chanjo nyingine kama ya kichaa cha mbwa, mzazi asijue mwanawe yuko kundi gani. Bila kundi hilo la pili usingejua kama malaria imepunguzwa na chanjo au na vyandarua na uhaba wa mvua mwaka huo. Goti nalo linahitaji kundi la pili, kwa sababu maumivu yake hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda kwa daktari siku goti limewaka kuliko siku zote, na wiki mbili baadaye lingetulia kiasi hata angepakwa mafuta ya kupikia. Chochote alichopewa siku ile kitapata sifa.

Majaribio nitakayotaja hayakufanyiwa kwetu. Karibu yote ni ya Marekani, Kanada, Ufini, Denmark na Australia. Hilo lina uzito wake, na tutaliona vizuri tukifika kwenye habari ya choo.

Hakikisha kwanza ni ugonjwa huu

Kwetu kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, na hapo mkanganyiko huanza. Osteoathritisi ya goti, ndiyo ninayoiita goti kusagika, ni hali ya kiungo kizima: gegedu linalofunika ncha za mifupa linapungua, mfupa ulio chini yake unakakamaa na kuota vinundu pembeni, utando wa ndani unavimba kidogo, na misuli ya paja inanyong'onyea kwa sababu mtu anaukwepa mguu huo. Mwongozo wa Uingereza wa 2022 unamruhusu daktari autambue bila picha yoyote ikiwa mgonjwa ana miaka 45 au zaidi, goti linauma akitembea au akifanya kazi, na ukakamavu wa asubuhi hauzidi nusu saa.

Ukakamavu ukichukua saa nzima, tena na vidole vya mikono vimevimba, huo huenda ni ugonjwa mwingine wenye dawa zake. Goti likiwa jekundu, la moto, na una homa, nenda hospitali leo, usingoje kesho. Kijana mwenye seli mundu, ambao ni wengi kuanzia Busia hadi Migori, akiumwa na goti achunguzwe nyonga pia, maana nyonga iliyoharibika hupenda kulalamikia gotini. Yote niliyoandika hapa chini hayawahusu watu hao.

Kuhusu picha: eksirei hupangwa kwa daraja 0 hadi 4, mpango uliowekwa na Kellgren na Lawrence mwaka 1957, na daraja hilo si kipimo cha maumivu. Wako wa daraja la 4 wanaopanda ngazi wakiimba, na wako wa daraja la 2 wasiolala. MRI ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho la shaka zaidi. Mwaka 2008 watafiti waliwapiga MRI ya goti watu 991 wa mji wa Framingham, Marekani, wenye miaka 50 na zaidi, waliochaguliwa bila kujali kama wanaumwa. Kati ya wale waliokutwa na meniska iliyochanika, yaani ule mto wa gegedu ulio katikati ya mifupa miwili, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu wala ukakamavu mwezi mzima uliotangulia. Kwa hiyo mtu wa miaka 60 akitolewa kwenye mashine na karatasi iliyoandikwa "imechanika", karatasi hiyo haijathibitisha kuwa mchaniko ndio unaomuuma.

Sindano ya steroidi na mazoezi

Huu ndio ulinganisho ambao watu wengi hapa wanauhitaji, kwa sababu ndivyo vitu viwili wanavyopewa hasa. Mama mmoja anayeuza viazi Soko la Wakulima aliwahi kuniambia, hata hajakaa: "Daktari, mazoezi gani tena? Naamka saa kumi, nabeba, nasimama mpaka jioni. Nichome tu sindano niende."

Ana hoja. Tena wengi wetu tunamjibu vibaya, tukidhani ni uvivu. Kazi ya soko inachosha goti lakini haijengi paja. Anasimama mahali pamoja kwa saa nyingi, anabeba uzito uleule kila siku, anashuka kwa kuegemea mikono na kujiburuta kwa mguu mzima. Misuli ya mbele ya paja, ambayo ndiyo inayolibeba goti kwenye ngazi na kwenye mteremko, haiguswi ipasavyo hata siku moja. Mazoezi ya tiba yana kipimo kama dawa: unaanza na kidogo, unaongeza, unapumzika siku ya kati.

Zoezi la kwanza ninalompa mtu kama yeye ni la kiti. Kiti cha plastiki kinasukumwa hadi ukutani kisiteleze. Anakaa ukingoni, miguu imeachana upana wa mabega, mikono imekunjwa kifuani. Anasimama kwa hesabu ya mbili, anashuka kwa hesabu ya nne. Kushuka polepole ndiko kunakofanya kazi, na ndiko watu wanakokwepa: wanajitupa. Mara kumi, apumzike, kisha raundi mbili zaidi. Kama hawezi kabisa, tunaweka mto juu ya kiti ili kiinuke, na tunauondoa wiki zikisonga. Goti kuuma kidogo wakati wa zoezi si kosa. Likiamka kesho likiwa limevimba kuliko jana, tulizidisha, tunapunguza.

Sasa takwimu. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya jaribio katika hospitali mbili za jeshi la Marekani, watu 156 wenye osteoathritisi ya goti. Kura iliwagawa: nusu fiziotherapia, nusu sindano za steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, hadi tatu kwa mwaka. Maumivu na ugumu wa kazi vilipimwa kwa alama za WOMAC kuanzia 0 hadi 240, ambapo nyingi ni mbaya. Makundi yote mawili yalianza karibu na 108. Baada ya mwaka, wa sindano walikuwa 55.8 na wa fiziotherapia 37.0. Mazoezi yalishinda, na kwa tofauti ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuihisi. Lakini usiruke nusu ya pili ya habari: hata wa sindano walipata nafuu kubwa. Anayekuambia sindano haifanyi lolote naye anakudanganya.

Tatizo la sindano ni muda, na marudio. Nafuu yake ya uhakika ni ya majuma machache. Mtu akiona imeisha anarudi, anachomwa tena, na tena. Mwaka 2017 jaribio la Marekani lilichukua watu 140, wengine wakachomwa steroidi iitwayo triamsinoloni kila majuma 12 kwa miaka miwili, wengine maji ya chumvi kwa ratiba hiyohiyo. Mwishoni maumivu hayakutofautiana. Gegedu la waliochomwa dawa lilikuwa limepungua milimita 0.21, la wenzao 0.10. Tofauti hiyo ni ndogo kuonekana kwa macho, lakini mtu anayelipia sindano ili kulinda goti atakuwa amenunua kinyume cha alichokusudia.

Na sasa lile jaribio lisilonifurahisha. Mwaka 2022 Wadenmark waliwagawa watu 206: kundi moja majuma manane ya mafunzo na mazoezi chini ya wataalamu, kundi jingine sindano nne za maji ya chumvi, tena wakiambiwa wazi kwamba ni maji ya chumvi tu. Juma la tisa makundi yalikuwa sawa. Nimeliwaza sana hilo. Tafsiri yangu ni kwamba sehemu nzuri ya nafuu, iwe ya mazoezi au ya sindano, hutokana na kuhudumiwa, kusikilizwa, na goti lenyewe kutulia kwa wakati wake. Halafu najiuliza: kama vyote viwili vina sehemu hiyo, kipi kinamwachia mtu kitu cha ziada? Mazoezi yanashusha sukari na shinikizo la damu, yanapunguza kuanguka, na hayali gegedu. Sindano haina ziada hiyo. Kwa hiyo bado ninachagua mazoezi, ila siyauzi tena kama muujiza.

Sindano moja ina mahali pake. Goti limejaa maji, mtu hawezi hata kuanza mazoezi. Au ana safari ya mazishi Bondo wiki ijayo na hana namna. Achomwe na anayejua, kwa usafi, kisha majuma yale ya nafuu yatumike kujenga paja. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari itapanda kwa siku kadhaa, apime.

Kuhusu nauli, kwa sababu ndiyo inayowashinda watu wa Olenguruone au Mbita kuliko maumivu: si lazima uje mara mbili kwa wiki mwaka mzima. Katika lile jaribio la 2020 vipindi vilikuwa hadi vinane katika majuma manne hadi sita ya mwanzo. Omba ufundishwe vizuri mara chache, urekodiwe kwenye simu ukifanya, uendelee nyumbani, urudi kuongezewa. Mtaalamu anayekulaza tu kitandani, akakuwekea mashine ya joto na waya za umeme, kisha akakuambia "tuonane Alhamisi", hajakupa mazoezi. Mbadilishe.

Vidonge na jeli ya kupaka

Hapa hukumu ni fupi. Panadol, ambayo kila nyumba inayo, ilionekana katika uchambuzi mkubwa wa mwaka 2017 kuwa peke yake haina nafuu ya maana kwa ugonjwa huu, dozi yoyote ile. Diklofenaki ya vidonge ilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi, lakini ni dawa inayotoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo. Hatari inazidi kwa mtu anayemeza vidonge vya presha vya jamii ya losartan au enalapril pamoja na vile vya kukojoza. Tatu hizo zikikutana, figo zinaweza kuzimika. Wazee wetu wengi wa goti ni haohao wa presha. Kama umenunua diklofenaki dukani bila kuulizwa dawa zako nyingine, hukuhudumiwa.

Jeli ya diklofenaki inayopakwa gotini hupenya hadi kwenye kiungo huku damu ikipata kidogo tu, na miongozo ya kimataifa inaiweka mbele ya vidonge. Ipakwe mara kadhaa kwa siku kwa majuma mawili kabla ya kuihukumu. Usidhani ni sawa na zile krimu za moto zinazochoma ngozi. Hizo zinasisimua ngozi tu, hata kama inapendeza usiku.

Tramadoli na jamaa zake: jaribio la Marekani la 2018, watu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti, lilionyesha kwamba kwa mwaka mzima dawa za jamii ya afyuni hazikuboresha utendaji kuliko zile za kawaida, na madhara yakawa mengi. Achana nazo.

Mrenda, glukosamini na sindano za bei

Magharibi kuna imani kwamba mrenda, na bamia pia, huongeza ute kwenye magoti kwa kuwa unateleza. Ni mboga nzuri, kula. Ila ute wake unasagwa tumboni na matumboni kama chakula kingine; hakuna njia inayoupeleka ukiwa ute hadi gotini. Goti si gari la kuongezwa oili.

Glukosamini na kondroitini ni hadithi ileile kwa kopo la bei. Mwaka 2006 Wamarekani waliwapima watu 1,583 kwa majuma 24, wakilinganisha glukosamini, kondroitini, zote mbili pamoja, dawa ya maumivu ya selekoksibu, na kidonge kisicho na kitu. Virutubisho havikuwashinda waliomeza kidonge kitupu kwa ujumla. Na sikia hili: katika kundi la kidonge kitupu, asilimia 60 hivi walisema wamepata nafuu. Ndiyo maana muuzaji wa matatu hakosi mashahidi. Hawadanganyi, walipata nafuu kweli, ila kopo halikuhusika.

Poda ya viungo inayokuondolea maumivu kwa usiku mmoja iogope zaidi kuliko isiyofanya kazi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu kirutubisho cha Artri King, baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni ni steroidi. Ukiimeza miezi kadhaa bila kujua, sukari inapanda, mifupa inalegea, na ukiikatisha ghafla unaweza kuzimia.

Sindano ya plazima, ile ya kuchota damu yako, kuizungusha na kukurudishia gotini, ina sifa ya kisasa na bei ya kisasa. Jaribio la Australia la 2021, watu 288, lilitumia maji ya chumvi kwa kundi la pili. Baada ya miezi 12 maumivu na gegedu havikutofautiana. Sindano za asidi ya hialuroni, zinazouzwa kama "ute mpya", zilichambuliwa mwaka 2022 kwa kukusanya majaribio 169: nafuu ilikuwa ndogo mno kuhesabika kwa mgonjwa, na madhara makubwa yaliongezeka. Mtu aliyenacho afanye atakalo. Lakini anayeuza ng'ombe kwa ajili ya hizi, mimi ningemzuia mlangoni.

Kamera

Upasuaji wa kamera unavutia: vitundu viwili, unasafishwa goti, unalala nyumbani. Pia ndio upasuaji uliojaribiwa kwa uaminifu kuliko karibu mwingine wowote. Mwaka 2002, Houston, watu 180 waligawanywa kwa kura. Wengine waligangwa kwa kamera, gegedu bovu likakwanguliwa. Wengine wakaoshwa goti tu. Na kundi la tatu likachanjwa ngozi, daktari akaigiza upasuaji mzima hadi mlio wa maji, halafu wakashonwa. Kwa miaka miwili ya kufuatiliwa, hakuna wakati ambapo waliofanyiwa upasuaji wa kweli waliwazidi walioigiziwa. Kanada wakajaribu kwa watu 178 mwaka 2008, kamera pamoja na fiziotherapia dhidi ya fiziotherapia peke yake: sawa. Ufini mwaka 2013, watu 146 wenye meniska iliyochakaa bila osteoathritisi, kukatwa kipande dhidi ya upasuaji wa kuigiza: sawa tena. Mwaka 2017 jopo la kimataifa likatoa pendekezo kali la kuupinga kwa karibu wagonjwa wote wenye goti lililochakaa.

Kijana aliyeumia uwanjani Moi Stadium Kisumu, goti limefungamana halinyooki, huyo ni habari nyingine na kamera inaweza kumfaa. Mtu wa miaka 58 mwenye karatasi ya MRI iliyoandikwa "meniska imechanika" aombe maoni ya pili kabla ya kutia sahihi.

Uzito

Sipendi namna tunavyowaambia akina mama "punguza mwili" kama salamu. Wako wembamba kama mianzi, huko milima ya Vihiga, magoti yamekwisha kwa kubeba maji na kuni miaka arobaini. Kwao cha kupunguza ni mzigo wa kichwani, kwa mkokoteni au kwa kugawanya safari.

Lakini kwa aliye mzito kweli, hesabu iko upande wake. Vipimo vya mwendo vilivyotolewa Marekani mwaka 2005 vilionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza kilo nne hivi za mzigo gotini kwa kila hatua. Jaribio la miezi 18 la watu 454 huko North Carolina, lililotolewa 2013, lilikuta kwamba waliounganisha mlo na mazoezi walipoteza asilimia 11 hivi ya uzito na kuumwa kidogo kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Kwetu hiyo maana yake ni bonge la ugali kupungua nusu, soda na chai ya sukari nne kuondoka, mboga na samaki kubaki palepale.

Dawa ya semaglutidi, sindano ya kila juma, nayo ilijaribiwa kwa watu 407 wanene wenye goti bovu, matokeo yakatoka 2024: baada ya majuma 68 uzito ulishuka asilimia 13.7 dhidi ya 3.2 kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa, na maumivu, kwa kipimo cha 0 hadi 100, yalishuka pointi 41.7 dhidi ya 27.5. Ni matokeo mazuri. Bei yake kwa sasa inaiweka nje ya mazungumzo ya nyumba nyingi ninazozijua.

Goti bandia

Hapa ndipo watu hukosea pande zote mbili: wengine wanalikimbilia mapema, wengine wanalikataa mpaka mguu umepinda na paja limekauka. Ni tiba yenye nguvu. Mwaka 2015 Denmark walitoa jaribio la wagonjwa 100, wote wenye hali ya kustahili upasuaji. Nusu walibadilishwa goti kisha wakapewa majuma 12 ya mazoezi, mafunzo, ushauri wa mlo na dawa. Nusu wakapewa hayo ya pili peke yake. Baada ya mwaka, kwa kipimo cha pointi 100, waliopasuliwa walipanda 32.5 na wenzao 16.0. Mara mbili. Hakuna sindano wala kopo lililowahi kufika hapo.

Upande wa pili wa mizani: madhara makubwa yalikuwa 24 kwa waliopasuliwa na 6 kwa wengine, kama damu kuganda mguuni au maambukizi. Na katika wale 50 wa bila upasuaji, ni 13 tu walioomba kupasuliwa ndani ya mwaka huo. Watu waliokwisha kuambiwa "wewe ni wa kubadilisha" wakafanya mazoezi kwa bidii, na robo tatu yao wakasema ngoja kwanza.

Goti lenyewe hudumu. Uchambuzi wa 2019 ulikadiria kwamba asilimia 82 ya magoti bandia ya kiungo kizima hufika miaka 25. Hivyo mtu wa miaka 68 kwa kawaida hahitaji kuogopa la pili. Wa miaka 48 ana sababu ya kusubiri. Ila karibu mtu mmoja kati ya watano hubaki na maumivu ya muda mrefu baada ya upasuaji, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyepasuliwa na goti ambalo halikuwa bovu sana.

Sasa choo. Huko yalikofanyiwa majaribio hayo watu huketi. Goti bandia kwa kawaida hukunjika hadi nyuzi 110 au 120, na kuchuchumaa kunahitaji zaidi. Mtu wa Ugunja au Njoro ndani anayetumia choo cha shimo, anayepalilia kwa kuchuchumaa, anayepiga magoti kanisani au anayesali msikitini, atapata goti lisilouma lakini lisilomfikisha chini. Fundi wa mbao anaweza kutengeneza kiti cha kuweka juu ya shimo. Jembe la mpini mrefu lipo. Afadhali mambo hayo yapangwe kabla ya kulazwa. Nimewaona watu wakirudi na goti zuri, wakashindwa na choo siku ya kwanza.

Gharama ni laki kadhaa, na hubadilika sana kutoka hospitali moja hadi nyingine, hasa kwa bei ya kiungo chenyewe. Tangu bima ya afya ya serikali, SHA, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza kwa maandishi: inalipa kiasi gani, kiungo kinauzwa na nani, fiziotherapia ya baada imo au unajilipia? Hospitali za rufaa kama Jaramogi ya Kisumu, ambayo wazee bado wanaiita Russia, au Moi ya Eldoret, ndizo za kuanza kuulizia kabla hujapigiwa hesabu na hospitali binafsi. Muulize daktari mpasuaji anabadilisha magoti mangapi kwa mwaka. Asikasirike; ni swali la kawaida.

Kwangu mimi, pesa na nguvu ziwekwe kwenye ncha mbili. Mwanzoni mazoezi, uzito au mzigo, jeli ya kupaka, na fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma. Mwishoni goti bandia, kwa yule ambaye miezi mitatu hadi sita ya mazoezi ya kweli imepita na bado anaamshwa usiku, hawezi kufika stendi, na picha inaonyesha mfupa umekutana na mfupa. Katikati, kuanzia kopo hadi plazima hadi kamera, ndiko pesa nyingi za familia zinakopotelea, na mara nyingi ni zile ambazo zingechangia upasuaji.

Mazoezi ya paja yaendelee hata ukiwa kwenye foleni ya kubadilishwa, kwa sababu paja lenye nguvu ndilo litakalokusimamisha ukitoka kitandani. Na tarehe ikishatolewa, usikubali mtu akuchome steroidi kwenye goti hilo miezi mitatu kabla ya upasuaji, maana huongeza hatari ya kiungo kipya kuingia maambukizi.